Mhitimu wa Desemba na foleni mbili zisizomtambua

Mtihani wa mwisho unaisha Alhamisi saa kumi jioni. Kesho yake adhuhuri bweni linafungwa. Minneapolis theluji imefika magotini, jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na mhitimu wetu ametuma maombi arobaini tangu Oktoba bila kupata hata jibu la kukataliwa. Nyumbani, Tanga au Mombasa, ni kaskazi, joto limepamba moto, ndugu wamejaa likizo, na swali la kwanza kwenye simu ya Krismasi halibadiliki: "Sasa umemaliza, umeshapata kazi?"

Akishakata simu, huamua kwamba Marekani haiajiri mtu wakati wa baridi na kwamba asubiri hadi Mei. Anakosea, ingawa kosa lake linaeleweka. Ajira za wahitimu majira ya baridi zipo, ila zinaongozwa na kalenda ambazo hakuna aliyemwonyesha: ya chuo, ya bajeti ya kampuni, na kwa mwenye viza ya mwanafunzi, ya idara ya uhamiaji. Kila moja peke yake inaeleweka. Zikikutana Desemba ndipo mambo yanapokorogeka.

Tuanze na chuo. Mwaka wa masomo una mihula miwili mikubwa: wa kwanza kuanzia Agosti au Septemba hadi Desemba, wa pili Januari hadi Mei. Walio wengi huhitimu Mei. Mahafali ya Desemba ni madogo, na vipo vyuo vinavyompa mtu shahada yake Desemba kisha vikamwambia arudi Mei kuvaa joho pamoja na wenzake. Kampuni kubwa nazo zimepanga mambo yao kwa kuwafuata hao wa Mei. Huajiri wahitimu kama shule inavyopokea kidato cha kwanza: kwa mkupuo, kwa tarehe moja, kwa darasa. Maonyesho ya ajira vyuoni hufurika Septemba na Oktoba, usaili hufuata, barua za ajira hutoka kabla au karibu na sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na watu huripoti kazini kati ya Juni na Agosti ya mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo foleni ya kwanza.

Foleni ya pili haina msimu. Mtu ameacha kazi, meneja anataka wa kuziba pengo ndani ya wiki chache, tangazo linawekwa, na chini yake imeandikwa "uzoefu wa mwaka mmoja hadi mitatu".

Mhitimu wa Desemba hapo amekuwa popo: ndege wanamwambia nenda kwa wanyama, wanyama wanamwambia nenda kwa ndege. Afisa anayeshughulikia vyuo anamwona ni mtu aliyekwisha kuhitimu, na darasa lake la Juni limejaa tangu Novemba. Afisa wa foleni ya pili anamwona ni mtoto wa chuo. Ukisoma fomu za kampuni nyingi utakuta sharti la programu ya wahitimu limeandikwa "awe amehitimu kati ya Desemba na Juni". Maana yake wa Desemba anaruhusiwa kuingia darasa lile lile la kiangazi, lakini alitakiwa kuomba Septemba, alipokuwa bado anahangaika na muhula wake wa mwisho. Na hata aliyeomba mapema akapata, anakaa miezi sita akisubiri kuanza. Kwa Mmarekani mwenye mkopo wa elimu wa serikali kuu hilo lina uchungu wake: muda wa neema kabla ya kuanza kulipa ni miezi sita, kwa hiyo ankara ya kwanza humfikia karibu wakati mmoja na mshahara wa kwanza, mara nyingine kabla yake.

Bajeti ndiyo mwenye nyumba

Wasomaji wa Afrika Mashariki tumezoea mwaka wa fedha wa serikali unaoanza 1 Julai, na tunajua Juni inavyokuwa: ofisi zinakimbizana kumaliza fedha kabla hazijarudi hazina. Kampuni nyingi za Marekani zina Juni yao, na Juni hiyo ni Desemba, kwa sababu mwaka wao wa hesabu unafuata kalenda ya kawaida. Nafasi ya kazi si kiti kitupu tu. Ni mstari kwenye bajeti, na mstari wa mwaka huu unaweza kufutika 31 Desemba.

Kwa hiyo Desemba hubeba mambo mawili yanayopingana. Kampuni ambayo mwaka haukuiendea vizuri husimamisha ajira zote hadi Januari, ili gharama zisiharibu hesabu za mwisho. Jirani yake, yenye nafasi iliyoidhinishwa lakini haijajazwa, inakuwa na haraka isiyo ya kawaida: meneja anajua asipompata mtu sasa, mwakani ataulizwa kama kweli alimhitaji. Ukiwa nje huwezi kujua ipi ni ipi. Zote mbili zinakaa kimya, kwa sababu hata yenye haraka inahitaji sahihi za watu watatu, na mmoja wao ana siku za likizo ambazo asipozitumia kabla ya mwaka kwisha atazipoteza. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ofisi nyingine hufungwa kabisa. Takwimu za kila mwezi za Idara ya Kazi ya Marekani, zile ambazo hazijarekebishwa kwa ajili ya majira, huonyesha wazi kwamba watu wanaoanza kazi hupungua sana Desemba na kuongezeka tena Januari.

Nilipokuwa nikisaidia upande wa uajiri, nilijifunza kwamba ukimya wa wiki mbili katika Desemba hauna maana yoyote. Wiki mbili za ukimya mwezi Februari zina maana, na si nzuri.

Sasa Januari. Inasemwa sana kwamba Januari ndiyo milango hufunguliwa, na ni kweli kwa karibu nusu. Bajeti mpya imepita, lakini meneja anarudi kazini akiwa na barua pepe mia nane. Wiki ya pili anaomba kibali, ya tatu anaandika tangazo, mwisho wa mwezi tangazo linatoka, Februari watu wanasailiwa, na barua ya ajira inaandikwa mwanzoni mwa Machi. Wakati huo huo kila aliyeapa Mwaka Mpya kwamba atabadilisha kazi naye anatuma wasifu wake, na foleni inarefuka. Baada ya hapo linakuja wimbi jingine ambalo wahitimu hawalijui: kampuni nyingi hulipa bonasi za mwaka uliopita kati ya Januari na Machi, na wafanyakazi waliokuwa wamechoka husubiri pesa iingie benki ndipo waandike barua ya kuacha kazi. Mnyororo wa kupanda ngazi unaanza, na mwisho wake chini kabisa kunabaki nafasi ya mtu mpya. Hizo ndizo nafasi ambazo mhitimu wa Mei bado hawezi kuzichukua kwa sababu yuko darasani, na wa Desemba anaweza kuanza Jumatatu.

Ajira za serikali kuu nazo ni dunia nyingine: mwaka wake wa fedha huanza 1 Oktoba, nyingi zinadai uraia, na Bunge la Marekani likikwama kwenye bajeti ofisi nyingi husimama, kama ilivyokuwa kwa siku 35 kuanzia 22 Desemba 2018.

Fani zinazovuna theluji ikianguka

Yote niliyoeleza yanageuka chini juu ukiingia kwenye uhasibu. Huko majira ya baridi ndiyo mavuno. Mwajiri lazima awe amewapa wafanyakazi wake hati za mapato za mwaka uliopita ifikapo 31 Januari. Kampuni kubwa zilizo kwenye soko la hisa zina siku 60 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa kuwasilisha ripoti iliyokaguliwa. Na mwananchi wa kawaida ana hadi 15 Aprili kuwasilisha kodi yake. Kuanzia Januari hadi Aprili, kampuni kubwa za uhasibu za Deloitte, PwC, EY na KPMG na hata ofisi ya wahasibu watatu pembeni ya duka la dawa hufanya kazi usiku na mchana. Ndiyo maana uhasibu ni kati ya fani chache zenye mafunzo ya kazini ya majira ya baridi, Januari hadi Machi. Pia leseni ya uhasibu katika majimbo mengi kwa miaka mingi imedai vipimo 150 vya masomo (credit hours) ilhali shahada ya kawaida ina takriban 120, kwa hiyo wapo wengi walioongeza muhula na kumalizia Desemba. Ofisi ndogo ya kodi inayompata mhitimu wa namna hiyo wiki ya kwanza ya Januari imeokota embe dodo.

Uuguzi nao una mwendo wake, na hapa nazungumza na Wakenya wa Minnesota, Texas na Massachusetts ambao fani hii wanaijua kuliko mimi. Shule nyingi za uuguzi hutoa wahitimu mara mbili kwa mwaka, na hospitali kubwa hupanga makundi ya wauguzi wapya yanayoanza mwanzoni mwa mwaka kwa ajili ya hao wa Desemba. Mtego uko kwenye tarehe: maombi ya makundi hayo mara nyingi hupokelewa miezi kadhaa kabla, na bila kufaulu mtihani wa NCLEX hakuna leseni ya uuguzi. Anayesubiri hadi amalize mitihani ya chuo ndipo aanze kutafuta, anakuta kundi la Februari limeshajaa. Kwenye ualimu ni rahisi zaidi kueleza: walimu wengine huondoka katikati ya mwaka wa shule, na Januari mkuu wa shule anahitaji mtu mbele ya darasa.

Kabla sijaenda kwenye viza, neno kwa waajiri, maana wapo Waswahili wenye biashara zao huko Dallas na Seattle, na najua wanasoma. Mhitimu wa Desemba amebebeshwa dhana kwamba kuna kilichomkwamisha, ndiyo maana hakumaliza na wenzake. Tazama ni nani hasa hao. Wapo waliohamia kutoka chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, na baadhi ya vipimo vya masomo waliyokwisha kusoma vikapotea njiani. Wapo waliokuwa wakifanya kazi usiku ili walipe karo. Wapo waliomaliza muhula mmoja mapema ili waokoe pesa ya muhula wa nane. Na wapo waliopitia mfumo wa kupishanisha masomo na kazi halisi ya kulipwa, ulioanzia Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906 na leo umeshika mizizi Northeastern ya Boston na Drexel ya Philadelphia. Hao mtu hukuta wameshakaa ofisini miezi mingi kabla ya kuvaa joho. Kampuni ndogo haiwezi kushindana na benki ya New York mwezi Septemba. Januari benki hiyo haiko uwanjani, imeshafunga darasa lake zamani. Kinachohitajika ni meneja kupata kibali chake Novemba badala ya Januari, na barua ya ajira kuandikwa kabla watu hawajaenda likizo, hata kama tarehe ya kuanza ni 12 Januari.

Saa ya siku tisini

Kwa mwanafunzi aliyetoka Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo na viza ya mwanafunzi, ya F-1, yote hayo yanafanyika huku saa ikigonga. Ruhusa inayoitwa OPT humpa mhitimu miezi 12 ya kufanya kazi katika fani aliyosomea. Aliyesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri wake amejiandikisha kwenye mfumo wa serikali wa E-Verify. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kumalizika hadi siku 60 baada yake. Tarehe ya kuanza anaiomba mwanafunzi mwenyewe, ndani ya siku hizo 60. Na ikishaanza, anaruhusiwa siku 90 tu kwa jumla za kukaa bila kazi katika miezi hiyo 12. Jumapili inahesabiwa, Krismasi inahesabiwa, siku ya dhoruba ambayo mji mzima umefungwa nayo inahesabiwa.

Piga hesabu. Masomo yanaisha 15 Desemba. Aliyechagua kuanza mara moja, 16 Desemba, siku zake 90 zinakwisha katikati ya Machi. Rudi kwenye kalenda ya bajeti niliyoieleza: mwanzoni mwa Machi ndipo barua za ajira za Januari zinaandikwa. Yaani ametumia wiki zake za kwanza kusubiri watu walioko likizo, na siku zinamwishia huku barua ikiwa mezani kwa mtu inasubiri sahihi. Mwenzake aliyechagua 13 Februari, siku ya mwisho inayoruhusiwa, siku zake zinafika katikati ya Mei. Ni chuo kile kile, shahada ile ile, na tofauti ni miezi miwili iliyotokana na kujaza kisanduku kimoja cha fomu mnamo Septemba au Oktoba. Anachopoteza wa pili ni kwamba haruhusiwi kuanza kazi Januari hata akiitwa. Ndiyo maana mwenye barua ya ajira mkononi achague mapema, na asiye nayo asiwe na haraka. Nimeona wengi wakichagua tarehe ya kwanza kwa sababu tu ilionekana ndiyo ya mtu mchapakazi.

Kuna nafuu moja ambayo watu huipita: kazi ya angalau saa 20 kwa wiki katika fani yako inasimamisha saa hiyo, na katika miezi 12 ya mwanzo hata kazi ya kujitolea inaweza kukubalika ilimradi sheria za kazi hazivunjwi. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni ndiyo ya kuulizwa kabla ya kuanza, na taarifa za mwajiri ziingizwe bila kuchelewa kwenye mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni.

Tatizo kubwa zaidi liko mbele kidogo, na sijaona wanaolielezwa mapema. Viza ya kazi ya H-1B ina nafasi 85,000 kwa mwaka kwa waajiri wa kawaida, 20,000 kati yake zikiwa za wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani. Mwajiri humwandikisha mtu mwezi Machi, majina yanachaguliwa kwa bahati nasibu, maombi yanawasilishwa kuanzia Aprili, kazi inaanza 1 Oktoba. Mhitimu wa Mei OPT yake huanza Juni au Julai, kwa hiyo Machi inayofuata inamkuta kazini, amefahamika, bosi ameshaona kazi yake. Mhitimu wa Desemba ambaye hana nyongeza ya miezi 24, OPT yake inamalizika kati ya Desemba na Februari, kabla Machi ya pili haijafika. Nafasi yake ya kweli ni Machi ile ya mwanzo, akiwa na wiki chache tu kazini, au bado anatafuta. Mwajiri gani atamwombea viza mtu ambaye hajamaliza hata mwezi? Wapo, ila lazima mazungumzo hayo yafanyike siku ya barua ya ajira, na kwa ajili hiyo mtu ajue hesabu yake mwenyewe, kwa sababu afisa ajira wa kampuni ndogo haijui.

Waajiri wameongezewa hofu tangu Septemba 2025, Rais Donald Trump alipotia saini tangazo la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Maelezo yaliyotolewa na idara ya uhamiaji mwezi uliofuata yalisema ada hiyo haimhusu anayebadilisha hadhi akiwa tayari ndani ya nchi, kama mwanafunzi wa F-1, lakini meneja aliyesoma kichwa cha habari tu hatafika huko. Mweleze. Na mwenye pasipoti ya Burundi au Tanzania, nchi zilizoingizwa katika vikwazo vya kuingia Marekani vilivyotangazwa 2025, asikate tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi kabla ya kuongea na ofisi ya chuo. Anaweza kutoka na asiweze kurudi.

Baada ya yote hayo, mahali ninapopapenda zaidi katika msimu huu ni maonyesho ya ajira ya mwisho wa Januari au Februari. Wahitimu wengi hawajui hata kwamba aliyemaliza Desemba bado anaweza kuingia. Vyuo vingi huendelea kuwahudumia waliohitimu karibuni, ni kuomba tu jina liwekwe kwenye orodha. Watu huja na suti na mabuti ya theluji, viatu vya ngozi vimo kwenye mfuko wa plastiki, na pale mlangoni kunakuwa na msururu wa watu wamesimama kwa mguu mmoja wakibadilisha. Mwaka mmoja nilipokuwa upande wa pili wa meza, safari za ndege zilikuwa zimefutwa tangu asubuhi na nusu ya meza zilibaki tupu, vitambaa vimetandikwa na kalamu za bure zimepangwa bila mtu wa kuzigawa. Septemba kijana hupata dakika mbili za kujieleza huku kumi wakimsukuma nyuma. Siku ile kila aliyefika kwetu tulikaa naye dakika ishirini, na msichana mmoja aliyekuwa amehitimu Desemba tulimwitia meneja kwenye simu pale pale.